Babu Katika Daftari la Kodi

Mtakatifu Luka anatusimulia katika Injili yake jinsi Kaisari Augusto alivyoamuru watu wote waandikwe, na jinsi Yosefu alivyopanda kwenda Betlehemu, mji wa jadi yake, aandikwe huko pamoja na Maria. Kaisari hakuwaandika watu kwa sababu ya kuwapenda. Alitaka kujua idadi yao, apate kuwatawala na kuwatoza. Hata hivyo amri ile ya mtoza kodi ndiyo iliyomrudisha Yosefu katika nchi ya babu zake.

Sisi wa pande za Uvira tumepata jambo lililo karibu na hilo. Wazee wetu hawakupenda kodi. Walimwona karani akija na meza yake na kalamu yake, wakajua ya kuwa atatoka na fedha zao. Lakini leo mjukuu anayetaka kujua babu yake alikuwa nani, alikaa wapi, na alikuwa na watu wangapi nyumbani, mara nyingi hana karatasi ya zamani kuliko ile ya yule karani. Basi tutazame karatasi hizo zinasema nini, na zinanyamaza wapi. Maana wako watu wanaozitumia vibaya, na ubaya huo umeleta misiba.

Runingu na swali la wazee

Anayesafiri kutoka Uvira kwenda Sange na Bukavu anaufahamu Runingu. Ni mto unaoshuka kutoka milimani na kuingia uwanda wa Ruzizi. Jina la mto limekuwa jina la nchi, na leo Runingu ni kimoja cha vigawanyo vya shefuri ya Wafuliiru. Katika uwanda ule Wafuliiru, Wavira, Warundi, Wanyamulenge, Wabembe na wengine hukutana sokoni, mtoni na kanisani. Karibu kila jamaa ina neno hili: "Babu yetu alifika hapa zamani." Lakini zamani ipi? Alitoka wapi? Nani alimwonyesha mahali pa kulima?

Wazee hujibu kwa masimulizi, na masimulizi ni mali. Mzee anayejua kutaja baba, babu na baba wa babu, pamoja na ukoo wa kila mke, ana kitabu kichwani. Ila kitabu hicho hakina tarehe, na mzee akifa bila kuulizwa, kimezikwa naye. Kwa hiyo inafaa kuweka masimulizi na maandishi pamoja, hili lisahihishe lile.

Karatasi zilianza lini

Wazungu wa kwanza walioandika habari za Uvira ni Burton na Speke, waliofika kwa mtumbwi mwezi wa Aprili 1858. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao ya kuwa maji ya Ruzizi yanaingia ziwani, hayatoki. Hawa wote waliandika juu ya mto, juu ya watawala, juu ya biashara ya pembe na watumwa. Mkulima wa Runingu hakuandikwa jina lake.

Tarehe 1 Agosti 1885 dola la mfalme Leopold wa Pili lilitangaza mipaka yake. Kaskazini ya ziwa letu mpaka ulikuwa mstari ulionyoka, uliochorwa kwenye ramani huko Ulaya. Hakuna karani aliyekuwa amehesabu nyumba hata moja Runingu. Mpaka wa kufuata mto Ruzizi ulikubaliwa baadaye, mwaka 1910, kati ya Wabelgiji na Wajerumani. Tarehe hiyo ya 1885 tuikumbuke, tutairudia.

Hapo mwanzo Bula Matari hakutoza fedha, alitoza kazi. Sheria ya mwaka 1903 iliweka saa 40 za kazi kila mwezi. Kazi ya namna hiyo, ya kubeba mizigo na kuleta vyakula, haikuacha majina mengi, kwa kuwa dola lilitaka mizigo ifike, si kujua ni nani aliyeibeba.

Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Tarehe 2 Mei 1910 zikatoka sheria mbili: moja juu ya shefuri na watawala wake, nyingine juu ya kodi ya fedha. Mwaka 1914 sheria ya kodi ikapangwa upya. Tangu hapo ikawa lazima kujua kila mwanamume kwa jina, kijiji chake na shefu wake, maana fedha hutolewa na mtu mmoja mmoja. Tarehe 5 Desemba 1933 ikatoka sheria nyingine kubwa juu ya shefuri na sekteri, na hesabu ya watu ikaendelea kutiwa nguvu. Mtu akawa na kitabu chake cha kitambulisho, chenye jina la baba, jina la mama, kijiji, shefuri na kabila, na aliyetaka kukaa mbali na kwao muda mrefu alipaswa kuwa na ruhusa ya maandishi.

Jinsi ya kusoma daftari

Mtu akilitazama daftari la kodi mara moja tu, ataona safu ya majina na fedha. Akilitazama mwaka baada ya mwaka, ataona maisha ya mtu.

Tuchukue mfano. Kijana anaandikwa mara ya kwanza mwaka 1926. Maana yake karani alimwona kuwa mwanamume mzima mwenye nguvu, ambaye Wabelgiji walimwandika kwa herufi tatu, H.A.V. Basi huenda alizaliwa karibu na mwaka 1908, ingawa miaka ya kuzaliwa ilikisiwa kwa kutazama uso na ndevu. Baadaye, mbele ya jina lake, panaonekana kodi ya nyongeza. Sheria ilimtoza zaidi mwenye wake wengi, kwa hiyo tunajua ya kuwa alioa mke wa pili. Jirani yake ameondolewa kodi kabisa. Je, alikuwa mgonjwa? Huenda, lakini pia sheria ilimsamehe mwenye mke mmoja aliyekuwa na watoto wanne au zaidi walio hai. Basi msamaha ule watuonyesha nyumba yenye watoto.

Kisha jina la mtu wetu linatoweka. Hapo wengi hukosea, wakasema: "Amekufa." Kutoweka katika daftari si kufa. Pengine amezeeka na hatozwi tena. Pengine amekwenda kuchimba dhahabu Kamituga, au kufanya kazi Katanga, au ameingia askari, au amevuka Ruzizi kwenda Burundi. Tena ugonjwa wa malale ulipoenea kando ya Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, watu walihamishwa kutoka mabondeni. Basi kabla ya kumzika babu kwa kalamu, mtafute katika daftari la kijiji cha pili na cha tatu.

Majina nayo yanataka uvumilivu. Watu wetu hawakuwa na jina moja la jamaa linalotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kila mtoto alipewa jina lake. Karani aliyetoka mbali alisikia L akaandika R, au alisikia R akaandika L, na hivyo Runingu yaweza kuandikwa Luningu. Wafuliiru wameandikwa Bafulero katika karatasi nyingi za zamani. Wafaransa waliandika "ou" mahali petu pa "u", hata Ujiji ikawa Oudjidji. Atafutaye herufi zile zile za leo atarudi mikono mitupu.

Wengine nao walipita njia hii

Tusidhani ya kuwa jambo hili ni letu peke yetu. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 18, watu walivuka milima kwenda kukaa Kentucky, nchi iliyokuwa mpakani mwa utawala wao. Hesabu za watu za mwaka 1790 na 1800 za huko zimepotea. Wajukuu wao leo huwatafuta wapi? Katika daftari za kodi. Virginia, iliyotawala Kentucky mpaka 1792, ilianza kuandika kodi za namna hiyo kila mwaka tangu 1782. Daftari za Kentucky zilitaja jina la mtu, ukubwa wa shamba lake, farasi wake, wanaume wa nyumbani mwake, na mara nyingi jina la mto uliokuwa karibu na shamba. Ndiyo, jina la mto, kama sisi tunavyosema "mtu wa Runingu". Walipokuwapo watu wawili wenye jina moja, mto ndio uliowatenga.

Lakini hata huko karatasi hazikuwa haki kwa wote. Mashamba ya Kentucky yalipimwa ovyo, kwa kutaja miti na mawe, hata shamba moja likawa na wenyewe wawili au watatu. Thomas Lincoln, baba yake Abraham Lincoln aliyekuja kuwa Rais, alisumbuliwa sana na kesi za hati za mashamba, na mwaka 1816 akahamia Indiana na jamaa yake. Mwanawe aliandika baadaye ya kuwa hati hizo mbovu ndizo zilizokuwa sababu kubwa ya kuhama. Tena katika daftari zile watumwa waliandikwa kwa kawaida kama idadi tu, karibu na farasi. Wajukuu wa wengi wao hawapati jina la babu yao katika hesabu ya watu mpaka ile ya mwaka 1870, baada ya utumwa kufutwa. Nao Washawnee na Wacherokee, waliowinda na kulima katika nchi hizo kabla ya wageni, daftari la kodi halikuwataja kama wenyeji wa nchi.

Tunajifunza nini? Daftari la kodi humwona yule tu anayeweza kutozwa. Asiyetozwa halimwoni, hata akiwa mlangoni.

Mama zetu wako wapi?

Kwetu pia ndivyo ilivyo. Katika safu za kodi mwanamke huonekana kama nyongeza ya mumewe. Jina lake, ukoo wake, siku aliyofiwa na mtoto, havimo. Hapa ndipo vitabu vya Kanisa vinapotusaidia.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza maparoko waandike vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliongeza uangalifu: pembeni mwa jina la aliyebatizwa iandikwe kipaimara chake na ndoa yake, na kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu ipelekwe kwa Askofu. Palikuwa pia na kitabu cha hali ya roho, ambamo paroko aliandika nyumba kwa nyumba. Katika kitabu cha ubatizo mama ana jina. Msimamizi ana jina. Mtoto aliyeishi siku tatu tu ana jina, ambaye Bula Matari asingemjua kamwe.

Kando ya ziwa letu vitabu hivi ni vya zamani kuliko kodi ya fedha. Mapadri Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1883 walianzisha Kibanga, magharibi ya ziwa, na mwaka 1885 wakapokea Mpala. Kila misioni ilitakiwa kuandika kitabu cha habari za kila siku. Huko walikusanyika watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa, waliotoka nchi nyingi, wengine wasijue tena njia ya kwao. Kwa uzao wa watu hao, kitabu cha misioni ndicho mlango pekee wa maandishi.

Tutaje jamaa moja inayojulikana kwa wote. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu, alikuja Tanganyika kuzilinda misioni. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakao, binti wa nchi hii, akabaki hapa mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mwana wao Albert akawa padri. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya waasi, Padri Albert Joubert aliuawa Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè. Na siku ile ile huko Baraka waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa Wenye Heri hapa Uvira. Vitabu vya historia humtaja sana Kapteni na bunduki yake. Lakini anayemtafuta Mwenye Heri Albert katika ukoo wake atafika pia kwa Agnes, mama yake, naye alihifadhiwa kwa ubatizo na ndoa, si kwa kodi.

Karatasi za shamba

Baada ya kodi na ubatizo inabaki ardhi. Hapa inatupasa kuwa waangalifu zaidi.

Kwa desturi ya nchi, shamba halikuwa na hati. Mtu alikwenda kwa mwenye mamlaka, akapeleka kitu cha heshima, akaonyeshwa mahali mbele ya mashahidi. Mpaka ulikuwa kijito, mti, kaburi, au shamba la fulani. Kwa hiyo anayetafuta shamba la babu yake aulize majirani wa babu walikuwa nani. Mashahidi wa mpaka ndio hati.

Dola nalo lilikuwa na njia yake. Mwaka 1885 lilitangaza ya kuwa ardhi zisizo na watu ni zake, nalo lilihesabu kuwa tupu hata mahali watu walipolisha au kupumzisha udongo. Hati zilizoandikishwa ofisini zilikuwa kwa kawaida za makampuni, za walowezi na za misioni. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walipima mashamba ya mpango uwandani Ruzizi, yaliyoitwa paizana, kila mkulima akapewa kipande chake, na pamba iwe mojawapo ya mazao. Miaka hiyo hiyo kilianza kiwanda cha sukari cha Kiliba na mashamba yake ya miwa. Kwa hiyo babu mmoja aweza kuonekana mahali patatu: katika kodi ya kijiji, katika kipande cha paizana, na katika kitabu cha wafanyakazi. Hao si watu watatu.

Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Juu ya mashamba ya desturi, sheria ile iliahidi amri ya Rais ya kuyapangia haki zake. Kwa miaka mingi amri hiyo haikutolewa. Ndiyo maana wakulima wengi wanaishi juu ya neno la mashahidi, na mashahidi wanakufa.

Hatari ya kumtumia babu kama fimbo

Sasa turudi kwenye tarehe ya 1 Agosti 1885. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 ilikuwa imewapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaibadili, ikataka mtu awe wa uzao wa makabila yaliyokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa tena, ikaweka tarehe ya uhuru, 30 Juni 1960.

Tazameni basi. Kwa zaidi ya miaka 20 watu waliambiwa wathibitishe habari za mwaka 1885, nasi tumeona ya kuwa kodi ya fedha ilianza kuwaandika watu baada ya 1910. Mfuliiru hana karatasi ya Runingu ya mwaka 1885. Mrundi hana. Mnyamulenge hana. Mvira hana. Aliyesimama barazani akapiga kifua kwa ajili ya karatasi ya babu yake amepiga kifua kwa kitu ambacho hakuna aliye nacho.

Na neno la "nani alitangulia" limezaa damu. Mwezi wa Juni 2014, huko Mutarule, katika uwanda wetu huu, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja, wengine wakiwa katika ibada. Nyuma ya mauaji hayo palikuwa na ugomvi wa siku nyingi juu ya utawala, ardhi na ng'ombe.

Wasomaji wa Maandiko Matakatifu watakumbuka habari iliyo katika kitabu cha Ezra. Waliporudi kutoka Babeli, jamaa fulani za makuhani walitafuta majina yao katika orodha ya ukoo, wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Walikuwa wamepita uhamishoni, mahali ambapo karatasi hupotea. Sisi nasi tumepita vita vya 1964 na vya 1996, na mwezi wa Aprili 2020 mafuriko ya Mulongwe yalibomoa nyumba nyingi Uvira. Nyumba ikibebwa na maji, kitambulisho cha babu hubebwa pia. Asiye na karatasi asihesabiwe kuwa hana babu.

Ifanyike nini?

Kwanza, anza na walio hai. Nunua daftari la shule, uandike majina ya wazee wako wote wanne, wa upande wa baba na wa mama, na vijiji vyao. Umwulize bibi kabla ya babu, kwa kuwa ndiye aliyesahauliwa na kodi.

Pili, hifadhi mahali pakavu kila kitambulisho cha zamani, risiti ya kodi, kadi ya ubatizo na kitabu cha kazi, hata kama maandishi yamefifia.

Tatu, nenda kwa paroko kwa adabu, ukitaja jina la ubatizo, la wazazi, na mwaka unaoukisia. Vitabu vya misioni visipokuwapo parokiani, huenda nakala iko kwa Askofu. Habari nyingi za Mapadri Weupe zimetunzwa Roma, na karatasi nyingi za utawala wa Wabelgiji ziko Brussels.

Nne, ukimwona babu yako katika daftari, mtazame na jirani yake wa mstari wa juu na wa mstari wa chini. Hao ndio waliompa moto, waliomsaidia kujenga, waliosimama penye mpaka wa shamba lake. Mara nyingi utakuta kuwa si wa ukoo wako, na pengine si wa kabila lako, nao walilipa kodi ile ile siku ile ile.

Mwezi wa Novemba unapofika, na padri anapopokea majina ya marehemu wetu ili awaombee katika Misa, peleka yale uliyoyapata, na jina la jirani yule uliandike pia.